Loreto Sealdah: konventi ya Kolkata iliyowapa watoto wa stesheni nafasi ndani ya ratiba yake

Mwaka 1979, shule ya wasichana ya Loreto Sealdah katika jiji la Calcutta (leo Kolkata), mashariki mwa India, ilikuwa na wanafunzi 790. Kati yao 90 walitoka katika familia maskini na walisomeshwa bila ada. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi walikuwa wamefika 1,400 hivi, na wapatao 700 ndio waliokuwa wakisoma bila kulipa. Mbali na hao, walikuwepo watoto wa mitaani ambao hawakuandikishwa darasa lolote, lakini walipanda ngazi za shule kila siku, wakala, wakafundishwa, na baadhi yao wakalala humo humo. Masista walikuwa wa shirika lile lile lililosomesha mabinti wa wakubwa wa jiji tangu enzi za Waingereza. Na wasichana waliendelea kufaulu mitihani yao.

Kisa hiki nakichambua kwa sababu naamini kinasimuliwa vibaya. Kwa kawaida kinaelezwa kama habari ya sista mmoja mwenye moyo mkubwa, Cyril Mooney, aliyeiongoza shule hiyo tangu 1979. Moyo alikuwa nao, hilo halina ubishi. Lakini huruma ilikuwepo katika konventi za India kwa zaidi ya miaka mia moja kabla yake, na haikuondoa ukuta uliotenganisha mtoto wa ada na mtoto wa sadaka. Kilichouondoa Sealdah ni ratiba: nani anasoma saa ngapi, nani anamfundisha nani, na chumba kipi kinatumika kwa kazi gani. Ili kuuona uzito wa jambo hilo, lazima kwanza tujue ukuta wenyewe ulijengwaje.

Kutoka Dublin hadi Middleton Row

Mizizi ya shirika la Loreto inarudi kwa Mary Ward, Mwingereza aliyeishi kati ya 1585 na 1645. Alitaka masista wafundishe wasichana bila kufungiwa ndani ya kuta za utawa. Kwa wakati ule lilikuwa wazo la kutisha, na mwaka 1631 Roma ililivunja shirika lake. Kazi yake haikufa. Karibu karne mbili baadaye Frances Ball, anayejulikana zaidi kama Mama Teresa Ball, aliipeleka Ireland na kuweka makao yake Rathfarnham, karibu na Dublin. Huko ndiko lilikokua jina la Loreto.

Wakatoliki wa Calcutta walikuwa wakihitaji walimu wa mabinti zao, na ombi likafika Rathfarnham. Agosti 1841, masista 7 na wapostulanti 5, yaani wasichana waliokuwa wakijiandaa kuingia utawa, walipanda meli wakiongozwa na Mama Delphine Hart, msichana wa miaka ishirini na kidogo tu. Safari ilichukua miezi minne. Walitia nanga tarehe 30 Desemba, na mwezi uliofuata, Januari 1842, shule yao ilikuwa imeshafunguliwa Middleton Row, katika nyumba iliyowahi kukaliwa na Elijah Impey, jaji mkuu wa kwanza wa mahakama kuu ya Waingereza pale Calcutta. Hebu fikiria: wanawake vijana, ugenini, katika joto na magonjwa yaliyowaua Wazungu wengi wa jiji lile, na bado hawakupumzika hata wiki mbili kabla ya kuanza kufundisha. Mtu anayezikosoa shule za masista, kama nitakavyofanya hapa chini, anapaswa kuanza kwa kuutambua ujasiri huo.

Kutoka hapo walisambaa haraka. Darjeeling, kwenye baridi ya milima, walifika 1846. Sealdah ilifunguliwa 1857, mwaka ule ule ambao askari wa Kihindi walifanya uasi mkubwa dhidi ya Kampuni ya Waingereza. Lucknow ikafuata 1872. Ndani ya miaka thelathini jina la Loreto lilikuwa limejulikana kaskazini na mashariki mwa India.

Ukuta ndani ya uzio mmoja

Wanafunzi wa kwanza walikuwa hasa mabinti wa Wazungu na wa machotara waliozaliwa kati ya Wazungu na Wahindi. Mashirika ya wakati ule yalikuwa na mtindo wao: shule ya ada kwa wenye nacho, na kando yake makao ya yatima au shule ya bure kwa wasio nacho. Wenye nacho walisaidia kubeba gharama za wasio nacho. Mtindo huo ulikuwa wa haki kwa upande wa fedha. Kwa upande wa watoto wenyewe, ulikuwa na maana kwamba wasichana wawili waliweza kusali kwa Mungu mmoja ndani ya uzio mmoja kwa miaka kumi bila kuketi benchi moja.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa sana hapo. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921 na kuanzisha shule ya Msongari kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Wasichana wa Kiafrika walipata shule yao kando, Limuru, ambako Wangari Maathai alisoma sekondari katika miaka ya 1950. Limuru ilitoa wanawake wakubwa, na hakuna anayeweza kuibeza. Lakini mpangilio ulikuwa ni ule ule: kila mtoto na lango lake.

Uhuru wa India wa 1947 haukuuondoa ukuta, uliubadilisha tu rangi. Waingereza walipoondoka, nafasi zao zilichukuliwa na mabinti wa Wahindi wenye uwezo, Wahindu na Waislamu pamoja na Wakristo, kwa sababu Kiingereza kilibaki kuwa ufunguo wa kazi nzuri. Hata matangazo ya kutafuta wachumba magazetini yakawa yanataja kwamba binti amesoma konventi, sawa na kutaja familia yake. Katika jimbo la West Bengal hali ilizidi pale serikali ya mrengo wa kushoto ilipokiondoa Kiingereza katika shule zake za msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nia ilikuwa kumsaidia mtoto wa maskini asome kwa lugha ya nyumbani. Wenye fedha walikimbilia shule za binafsi za Kiingereza, na nafasi katika shule za Loreto ikawa adimu kuliko awali. Mtoto wa maskini, aliyekusudiwa kusaidiwa, ndiye aliyebaki mbali zaidi na lugha ya ajira.

Kuna sista mwingine wa Loreto anayejulikana duniani kote, na hadithi yake inahusu ukuta huu huu. Mama Teresa wa Calcutta, si yule Mama Teresa Ball wa Ireland, alifundisha katika shule ya St. Mary's, ndani ya uzio wa Loreto Entally, tangu 1931, na akawa mwalimu mkuu 1944. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mtaa wa mabanda wa Motijhil. Agosti 1948 alitoka nje ya lango akiwa amevaa sari nyeupe yenye pindo la buluu, na miezi michache baadaye alikuwa Motijhil akifundisha watoto kwa kuandika herufi chini kwenye vumbi. Baadhi ya wanafunzi wake wa zamani walimfuata na kuwa masista wa kwanza wa shirika lake jipya. Yeye aliamua kutoka. Miaka thelathini na moja baadaye, katika shule nyingine ya shirika alilolihama, mtu mwingine aliamua kubaki ndani na kuwaingiza walio nje.

Sista Cyril na paa la shule

Cyril Mooney alizaliwa Bray, Ireland, mwaka 1936, akaja India 1956 akiwa na umri wa miaka 20. Alikabidhiwa Sealdah 1979 na kuiongoza hadi 2011. Miaka 32 katika kiti kimoja ni mingi, na nitarudi kwenye hilo.

Mahali penyewe pana sehemu kubwa katika kisa. Stesheni ya Sealdah ni miongoni mwa zile zenye msongamano mkubwa kabisa nchini India. Baada ya Bengal kugawanywa mwaka 1947, wakimbizi kutoka upande wa mashariki waliishi kwenye majukwaa yake, familia na masufuria yao, treni zikipita pembeni. Mwaka 1971, vita ya kuzaliwa kwa Bangladesh ilisukuma mamilioni wengine kuvuka mpaka. Watoto wa familia zilizokosa pa kwenda walikulia kwenye njia za miguu kuzunguka stesheni, wakiokota makaratasi na chupa, wakichota maji, wakilea wadogo zao. Hivyo mwanafunzi wa Loreto aliwapita kila asubuhi. Hakuna aliyehitaji kufanya utafiti ili kujua wapo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupanua idadi ya wanafunzi wasiolipa ndani ya madarasa ya kawaida. Sare ile ile, vitabu vile vile, benchi lile lile. Gharama ziligawanywa kati ya wazazi wenye uwezo na wafadhili. Hapo ndipo idadi ilipoanza kupanda kutoka 90. Lakini mtoto aliyelala stesheni hakuweza kufaidika na nafasi hiyo, kwa sababu shule ya kawaida inamtaka mtoto afike alfajiri, akiwa amelala, ameoga na ameshiba, kila siku ya wiki. Mtoto anayeokota chupa hupata chupa nyingi asubuhi. Ukimlazimisha achague, atachagua chupa, na si kosa lake.

Mwaka 1985 ukaanza mpango ulioitwa Rainbow, yaani upinde wa mvua. Ghorofa ya juu na paa la shule viligeuzwa kuwa mahali pa watoto hao. Mtoto alikuja saa aliyoweza. Akifika saa nne, sawa. Akifika mchana baada ya kuuza alichookota, sawa. Akipotea siku tatu na kurudi, alipokelewa na kuanzia pale alipoachia. Sasa, mwalimu yeyote anajua kwamba darasa la namna hiyo haliwezekani. Huwezi kusimama ubaoni mbele ya watoto arobaini ambao kila mmoja yuko ukurasa wake na kesho watakuwa wengine. Kwa mwalimu mmoja haliwezekani. Linawezekana iwapo kila mtoto ana mwalimu wake.

Walimu hao walitoka wapi? Mitaala ya India iliweka somo la lazima la kazi za mikono, linalokaribiana na lile tulilokuwa tukiliita Stadi za Kazi. Katika shule nyingi za mjini somo hilo liliishia kwenye kushona vitambaa na kupaka vyungu rangi ili mwanafunzi apate alama. Sealdah walikichukua kipindi hicho, cha wasichana wa darasa la tano hadi la kumi, wakakigeuza kuwa kipindi cha kufundisha. Darasa moja linapanda juu, kila msichana anaketi na mtoto mmoja. Kengele ikilia linashuka, na darasa jingine linapanda. Kwa kuwa madarasa yalikuwa mengi na vipindi vilipangwa kupishana, paa halikukosa walimu muda wowote wa siku ya masomo. Hapakuhitajika kuajiri jeshi la walimu wala kuongeza saa za kazi. Kipindi kilikuwepo tayari, kilikuwa kimelala.

Tuwatazame wawili hao wakiwa wameketi sakafuni. Mmoja ana miaka kumi na mmoja, amevaa sare iliyopigwa pasi. Mwenzake huenda ana miaka tisa na hajawahi kushika penseli, ingawa hesabu ya fedha anaijua kichwani kuliko mwalimu wake, kwa sababu amekuwa akiuza tangu alipoanza kutembea vizuri. Msichana wa sare anagundua haraka kwamba kukariri hakumsaidii. Lazima aeleze. Akieleza vibaya mtoto anainuka na kwenda kuchezea kamba. Akieleza vizuri mtoto anabaki. Sidhani kuna mtihani wa ualimu mkali kuliko huo, na msichana anaufanya akiwa darasa la tano.

Aliyekuwa tayari kujiunga na darasa alitafutiwa shule ya lugha iliyomfaa, ya Kibengali, ya Kihindi au ya Kiingereza. Baadhi waliingia Loreto yenyewe, wakavaa sare na kuwa wao sasa wanaopanda juu kufundisha.

Mpango ulizaa mingine. Makundi ya wanafunzi yalikwenda vijijini kila wiki kufundisha katika shule za msingi. Vijana wasio na vyeti vikubwa, wa kutoka mabandani na vijijini, walifunzwa mbinu za ualimu na kurudi kufundisha kwao. Wanafunzi wengine walipita mitaa ya jirani wakiwatafuta watoto waliofungiwa majumbani kwa kazi za ndani, wakajenga urafiki nao na kuzungumza na mabosi wao. Kazi za ndani kwa mtoto wa chini ya miaka 14 zilikuja kupigwa marufuku na serikali ya India Oktoba 2006. Wasichana wa Sealdah walikuwa wameanza kugonga milango hiyo mapema. UNESCO iliitunuku kazi hiyo mwaka 1994 kwa mchango wake katika kufuta ujinga wa kusoma na kuandika, na 2007 serikali ya India ilimpa Sista Cyril nishani ya Padma Shri. Alifariki mwaka 2023.

Lawama zinazostahili kujibiwa

Lawama ya kwanza ni kwamba mtoto wa mitaani aligeuzwa kifaa cha kufundishia utu watoto wa matajiri. Naichukulia kwa uzito. Shule nyingi hupeleka wanafunzi kwenye makao ya yatima mara moja kwa mwaka, wanapiga picha, wanagawa sabuni, wanaondoka. Hapo yatima ni kifaa, bila shaka. Sealdah ilitofautiana kwa mambo mawili. Jambo lenyewe lilifanyika kila wiki, mwaka mzima, hivyo watu walijuana majina. Na mlango ulikuwa wa kupita pande zote mbili: nusu ya wasichana waliopanda kufundisha walikuwa wenyewe wametoka familia zisizolipa ada. Binti wa mabandani alikuwa mwalimu pia. Ukilisahau hilo, unakisoma kisa kizima kama habari ya matajiri na maskini, na sivyo kilivyokuwa.

Ya pili ni ya wazazi: je, mwanangu anayelipa anapunjwa? Ni swali halali kwa mzazi anayejinyima ili alipe. Jibu la Sealdah lilikuwa kwenye matokeo, na matokeo yalibaki mazuri. Mimi ningeongeza kwamba saa zilizotolewa kwa Rainbow hazikuporwa kwenye hisabati wala sayansi. Zilitoka kwenye vyungu vya kupaka rangi.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua. Kazi iliyomtegemea mkuu mmoja kwa miaka 32 ni kazi iliyo hatarini siku anapoondoka. Mkuu wa namna hiyo hupata nguvu ya kuwakabili wazazi, wafadhili na hata wakubwa wake wa shirika kwa sababu ya jina lake. Anayemrithi anapokea ratiba bila jina. Mashirika ya kitawa huhamisha wakuu wa shule mara kwa mara, na yana sababu nzuri za kufanya hivyo, lakini hayajui sana kurithisha mageuzi. Naona hapo ndipo konventi nyingi, za India na za kwetu, zina kazi ya kufanya.

Sheria ilipokuja

India ilipitisha sheria ya haki ya elimu mwaka 2009. Kifungu kimoja kinazitaka shule za binafsi zitenge robo ya nafasi za darasa la kwanza kwa watoto wa familia duni. Wamiliki wa shule walikwenda mahakamani. Aprili 2012 Mahakama ya Juu ya India iliithibitisha sheria, lakini ikaziondolea wajibu huo shule za dini za wachache zisizopata ruzuku. Mei 2014 ikaziondoa shule zote za dini za wachache, zenye ruzuku na zisizo nayo. Msingi ulikuwa Ibara ya 30 ya Katiba, inayowapa wachache haki ya kuanzisha na kuendesha shule zao.

Ibara hiyo ina thamani. Bila ulinzi wake, Wakristo ambao hawafiki hata asilimia 3 ya Wahindi wangeweza kupokonywa shule zao na serikali yoyote isiyowapenda. Lakini tazama kilichotokea: shule za Kikatoliki, ambazo waanzilishi wake walivuka bahari kwa ajili ya watoto, leo zinaruhusiwa kisheria kutopokea hata ile robo. Sealdah ilikuwa imefikia nusu kabla sheria haijaandikwa. Kwa hiyo mkuu wa konventi ya mjini anayesema haiwezekani ana wa kumjibu, tena ndani ya dini yake mwenyewe.

Sheria nyingine ilikuja na mtego wake. Ile ya mwaka 2015 ya ulinzi wa watoto inataka kila makao yanayolaza watoto yasajiliwe, na mtoto anayepokelewa afikishwe mbele ya kamati ya ustawi wa watoto. Nchi yenye biashara ya kuuza watoto haiwezi kukosa sheria kama hiyo, na ninaiunga mkono. Hata hivyo, paa lililokuwa likimpokea mtoto saa yoyote, bila fomu na bila masharti, haliwezi tena kuwa wazi kwa namna ile.

Wazo la Rainbow limeshasambaa nje ya Loreto, likachukuliwa na mashirika ya kiraia katika miji mingine ya India, ambako majengo ya shule za serikali yenye nafasi yanatumika kulaza wasichana waliokuwa mitaani. Wasichana hao wana kitanda, wana chakula, wanasoma, na hilo ni jambo kubwa. Lakini katika shule ya serikali hakuna binti wa daktari wa kupanda ghorofani kipindi cha tatu na kuketi nao sakafuni. Malazi ni rahisi kuyaiga, maana yanahitaji jengo na bajeti. Sehemu ya pili ya Sealdah inahitaji shule iliyo na watoto wa ada ndani yake, na shule hizo, kwa sehemu kubwa, bado ziko mikononi mwa konventi.